Brébeuf ya Montreal: Shule Iliyofundisha Ubishi

Historia ya siasa za Quebec katika nusu ya pili ya karne ya 20 inaweza kuandikwa kwa kufuata tu wanafunzi wa shule moja. Paul Gérin-Lajoie, waziri wa kwanza wa elimu jimboni humo tangu 1875, alisoma pale. Robert Bourassa, aliyeongoza jimbo hilo kwa vipindi viwili, alisoma pale. Pierre Elliott Trudeau, Waziri Mkuu wa Kanada kwa zaidi ya miaka 15, alisoma pale, na mwanawe Justin akamfuata. Hata Pierre Vadeboncoeur, mwandishi aliyetaka Quebec ijitenge na Kanada, alisoma pamoja na Trudeau huyohuyo. Shule yenyewe ni Collège Jean-de-Brébeuf, shule binafsi ya Kifaransa mjini Montreal. Walioijenga hawakuwa na nia hata kidogo ya kulea wanamageuzi. Walitaka ngome.

Kabla ya 1928: kaburi la mfiadini na shule iliyotwaliwa

Jean de Brébeuf alikuwa Mjesuiti kutoka Normandy. Alivuka bahari mwaka 1625 akaenda kuishi na Wahuroni, ambao wenyewe hujiita Wendat, akajifunza lugha yao mpaka akaweza kuandika katekisimu kwa lugha hiyo. Machi 1649 vikosi vya Wairokwa, maadui wa Wahuroni, vilivamia vijiji vya misheni, vikamkamata na kumuua kwa mateso makali. Kwa Wakanada Wafaransa jina lake likawa zaidi ya jina la padre. Likawa ushahidi kwamba walikuwa na mizizi katika nchi ile, na kwamba mizizi hiyo ilimwagiliwa damu.

Wajesuiti walikuwa wamekwisha kufungua shule katika mji wa Quebec tangu 1635, mwaka mmoja kabla ya Harvard. Shule hiyo haikudumu. Waingereza waliutwaa mji mwaka 1759, Mkataba wa Paris wa 1763 ukaikabidhi koloni nzima kwao, na miaka kumi baadaye Papa mwenyewe akalivunja shirika la Wajesuiti ulimwenguni kote. Mapadre waliokuwapo Kanada hawakuruhusiwa kupokea wanafunzi wapya wa utawa. Waliachwa wafe mmoja mmoja. Wa mwisho, Padre Jean-Joseph Casot, alifariki mwaka 1800, na mali zao zikaangukia mikononi mwa serikali ya Mwingereza.

Walirudi mwaka 1842, kwa mwaliko wa Askofu Ignace Bourget wa Montreal, na mwaka 1848 wakafungua Collège Sainte-Marie katikati ya mji. Kwa miaka 80 hiyo ndiyo ilikuwa shule yao kubwa pale Montreal. Baba yake Trudeau alisoma huko. Lakini mji ulikua, na Wakanada Wafaransa wenye uwezo, yaani mawakili, madaktari na wafanyabiashara, walianza kuhamia upande wa pili wa mlima Mount Royal, kwenye kitongoji cha Outremont. Mapadre wakawafuata wateja wao. Mwaka 1928 Collège Jean-de-Brébeuf ilifunguliwa kwenye barabara ya Côte-Sainte-Catherine, mpakani mwa kitongoji hicho. Miaka miwili baadaye Papa Pius XI alimtangaza Brébeuf kuwa mtakatifu.

Ngome hiyo ilikuwa ya kujikinga na nini? Montreal ya wakati huo ilikuwa na watu wengi wanaosema Kifaransa, ila mabenki, viwanda na reli vilisimamiwa kwa Kiingereza. Kanisa lilishikilia kwamba lugha hulinda imani na imani hulinda lugha, na kwamba akipotea mmoja wa walinzi hao, wa pili hachelewi kuanguka. Kwa hiyo likajitwika kazi ya kuandaa tabaka dogo la wasomi ambao wangeliongoza taifa hilo lisilo na dola yake: Wakatoliki, wenye nidhamu na Kifaransa safi.

1928–1940: miaka minane ya Kilatini

Kijana wa miaka 12 aliyeingia Brébeuf hakuingia kidato cha kwanza. Aliingia Éléments latins, yaani misingi ya Kilatini. Mwaka uliofuata alikuwa Syntaxe, kisha Méthode, kisha Versification, ambako alijifunza kutunga beti. Akifika mwaka wa tano alikuwa Belles-Lettres, wa sita Rhétorique, na miaka miwili ya mwisho ilikuwa ya falsafa tupu, falsafa ya Mtakatifu Thomas wa Akwino. Aliyemaliza alipata shahada iliyomfungulia mlango wa chuo kikuu. Kwa wavulana Wakatoliki wa Quebec, mlango mkuu ulikuwa huohuo, na ulilipiwa ada. Wasichana walikuwa wamefunguliwa chuo chao cha kwanza cha namna hiyo mwaka 1908 tu, chini ya watawa wa kike.

Njia ya kufundishia ilikuwa ya kale kuliko Kanada ya Wafaransa yenyewe. Wajesuiti walifuata mwongozo wao wa mwaka 1599, uitwao Ratio Studiorum, uliotaka mwanafunzi arudie, ashindane, na abishane. Mwalimu hutoa hoja. Mwanafunzi mmoja huitetea, mwingine huishambulia, na mshambuliaji hana budi kwanza kuieleza hoja ya mwenzake kwa usahihi kabla ya kuivunja. Vilevile kulikuwa na michezo ya kuigiza, gazeti la shule, na mashindano ya ufasaha wa kusema mbele ya watu. Nidhamu ilikuwa kali katika kila kitu isipokuwa hapo. Mvulana hakuweza kujichagulia kitabu cha kusoma, kwa kuwa Kanisa lilikuwa na orodha ya vitabu vilivyopigwa marufuku, lakini ndani ya mipaka hiyo alifundishwa kuutumia ulimi kama mpiganaji anavyofundishwa upanga. Naamini hapo ndipo mapadre walipotega mtego wao wenyewe.

Pierre Trudeau aliingia mwaka 1932, karibu atimize miaka 13, akiwa mwanafunzi wa kutwa. Mwaka huohuo baba yake, Charles-Émile, aliuza vituo vyake vya petroli kwa kampuni ya Imperial Oil kwa zaidi ya dola milioni moja, wakati mdororo mkuu wa uchumi ukiwatupa watu barabarani. Mama yake, Grace Elliott, alikuwa na damu ya Kiskoti, na nyumbani lugha zote mbili zilisemwa. Baba alifariki ghafla mwaka 1935. Kuanzia hapo mapadre wa Brébeuf wakawa na nafasi kubwa isiyo ya kawaida katika maisha ya mtoto yule. Padre Robert Bernier, mzaliwa wa Manitoba, alimfundisha fasihi, na Trudeau aliendelea kumtaja kwa heshima hadi uzeeni. Mwingine aliyemvutia alikuwa Mjesuiti Rodolphe Dubé, aliyeandika vitabu kwa jina la François Hertel na kuwapenda vijana wakorofi wa mawazo. Baadaye Hertel aliacha upadre na kuhamia Paris. Darasani Trudeau alishindania nafasi ya kwanza na Jean de Grandpré, aliyekuja kuwa mkuu wa kampuni ya simu ya Bell Canada.

Mwaka 1938 shule iliadhimisha miaka kumi. Kwa sherehe hiyo Trudeau aliandika mchezo wa kuchekesha uitwao *Dupés*, yaani waliodanganywa. Unamhusu fundi cherehani Mkanada Mfaransa asiyepata wateja mpaka anapolipa duka lake jina la Kiyahudi. Wazazi na mapadre walikaa kutazama. Hakuna aliyeona ubaya, maana chuki hiyo ilikuwa hewa waliyoivuta wote, shuleni, magazetini na kanisani. Jambo hili lilikuja kujulikana kwa upana mwaka 2006, Max na Monique Nemni, rafiki zake Trudeau, walipochapisha kitabu walichokiandika baada ya kuzipekua karatasi zake za ujanani. Walitazamia kumkuta kijana mpenda uhuru. Wakamkuta mtoto mtiifu wa ngome. Wapo wanaompenda Trudeau ambao hupenda kuuruka ukurasa huu. Mimi naona bila huo hutaelewa shule ilikuwa ikifanya nini.

Vita

Kanada iliingia vitani Septemba 1939. Aprili 1942 serikali iliwauliza wananchi kwa kura kama wanaikubalia ivunje ahadi yake ya kutomlazimisha mtu kwenda kupigana ng'ambo. Nchi kwa jumla ilisema ndiyo. Quebec ilisema hapana, kwa zaidi ya asilimia 70. Novemba mwaka huo, kwenye uchaguzi mdogo wa Outremont, Trudeau, ambaye sasa alikuwa mwanafunzi wa sheria, alipanda jukwaani kumpigia debe Jean Drapeau, mgombea aliyepinga uandikishaji wa lazima na aliyekuja kuwa meya wa Montreal kwa muda mrefu. Drapeau alishindwa. Wakati dunia ikiwaka, vijana wa Brébeuf walikuwa bado wanapigana vita vya 1759.

Kilichowabadilisha wengi wao kilikuwa kuondoka. Trudeau alikwenda Harvard, kisha Paris na London. Gérin-Lajoie alikwenda Oxford. Waliporudi waliikuta Quebec ya Waziri Mkuu Maurice Duplessis, ambako serikali, Kanisa na wenye migodi walielewana vizuri mno. Mwaka 1949 wachimbaji wa asbesto waligoma, na mwaka 1950 Trudeau na wenzake wakaanzisha jarida la *Cité libre* lililomshambulia Duplessis, na halikuwaogopa maaskofu. Vadeboncoeur, mwenzake wa shuleni, aliandika humo pia. Silaha waliyoitumia ilikuwa ileile ya Rhétorique: ieleze hoja ya adui kwa usahihi, kisha ivunje.

1960–1968: mwanafunzi aliyeifunga milango ya walimu wake

Duplessis alifariki Septemba 1959. Juni 1960 chama cha Liberal cha Jean Lesage kilishinda uchaguzi, na kipindi kinachoitwa Mapinduzi ya Kimya kikaanza. Hapa ndipo hadithi inapokuwa tamu.

Hadi wakati huo Quebec haikuwa na wizara ya elimu. Iliyokuwapo ilifutwa mwaka 1875, na kwa karibu miaka 90 shule za Wakatoliki ziliongozwa na kamati ambayo maaskofu wote walikaa ndani yake kwa cheo chao. Lesage alimkabidhi elimu Paul Gérin-Lajoie. Tume iliyoongozwa na Monsinyori Alphonse-Marie Parent, padre mwenyewe, ilipendekeza wizara iundwe na njia ya kwenda chuo kikuu ifunguliwe kwa watoto wote, wavulana na wasichana, bila kujali mfuko wa baba. Mswada wa kwanza ulipoleta kelele, Gérin-Lajoie aliuondoa mezani, akazunguka jimbo zima kuutetea, akazungumza na maaskofu mpaka wakapata maneno ya kuafikiana. Mwaka 1964 wizara ikaundwa na yeye akawa waziri wake. Kazi ambayo Wajesuiti walimfundisha, ya kubishana bila kumfukuza mpinzani mezani, ndiyo aliyoitumia kuwaondoa Wajesuiti kwenye usukani.

(Msomaji wa Tanzania ana sababu yake ya kulijua jina hili. Kati ya 1970 na 1977 Gérin-Lajoie aliongoza shirika la misaada la Kanada, CIDA, lililokuwa likigharimia mashamba makubwa ya ngano ya Basotu, wilayani Hanang. Ngano ilivunwa, na wafugaji Wabarbaig wakapoteza malisho yao. Kesi zao zilifika mahakamani.)

Mwaka 1967 vyuo vya kwanza vya umma viitwavyo CEGEP vilifungua milango, bila ada, vikichukua nafasi ya miaka ya mwisho ya masomo ya kale. Ulikuwa mwisho wa ulimwengu mzima. Mashirika ya watawa yaliuza majengo au kuyakabidhi kwa serikali. Collège Sainte-Marie, mama wa Brébeuf, ilimezwa mwaka 1969 na chuo kikuu kipya cha umma, Université du Québec à Montréal.

Kwa nini Brébeuf haikumezwa? Ilikuwa na wazazi wenye uwezo wa kulipa, na wazazi hao walikuwa na sauti. Lakini fedha zao peke yake zisingetosha. Kilichoiokoa ni sheria ya mwaka 1968 kuhusu elimu ya binafsi. Sheria hiyo ilisema kwamba shule binafsi itakayotambuliwa kuwa ya manufaa ya umma, na itakayofuata mtaala wa serikali, italipwa ruzuku ya asilimia 80 ya kile ambacho mwanafunzi wa shule ya umma humgharimu mlipakodi. Brébeuf ikajigawa upya: miaka mitano ya sekondari, miwili ya chuo. Kilatini kikashuka kutoka kiti cha enzi. Serikali ile iliyozivunja shule za mapadre ndiyo iliyokuja kuwa mfadhili mkubwa wa zilizobaki.

1970–1990: ugomvi wa wanafunzi wawili

Robert Bourassa hakutoka Outremont. Baba yake alikuwa karani bandarini Montreal, na mtoto alipanda kwa alama zake. Brébeuf iliwapokea wachache wa namna hiyo, na haikuwasahaulisha kamwe kwamba ni wachache. Aprili 1970, akiwa na miaka 36, alichaguliwa kuwa Waziri Mkuu wa Quebec. Trudeau alikuwa tayari Waziri Mkuu wa Kanada kwa miaka miwili.

Oktoba mwaka huo kundi la wapigania kujitenga, Front de libération du Québec, lilimteka mwanadiplomasia Mwingereza James Cross, kisha Pierre Laporte, waziri katika serikali ya Bourassa. Bourassa aliomba msaada wa Ottawa. Saa kumi alfajiri ya tarehe 16 Oktoba, Trudeau alitangaza Sheria ya Hatua za Vita, ambayo ilikuwa haijapata kutumiwa wakati wa amani. Karibu watu 500 walikamatwa, wengi wao bila kosa lolote lililothibitishwa baadaye. Kesho yake maiti ya Laporte ilikutwa ndani ya buti ya gari.

Walisimama pamoja kwa siku hizo tu. Juni 1971 Bourassa aliukataa mpango wa katiba uliokuwa umeafikiwa mjini Victoria, na Trudeau hakumsamehe. Mwaka 1974 Bourassa alikifanya Kifaransa kuwa lugha rasmi pekee ya jimbo, huku Trudeau akijenga Kanada ya lugha mbili sawa. Mwaka 1976 Trudeau alimdhihaki hadharani kuwa ni mla mikate ya soseji. Ukiisikia kwa sikio la Montreal utajua si utani wa chakula. Ni mtoto wa milionea akimkumbusha mtoto wa karani mahali pake.

Bourassa alishindwa uchaguzi mwaka huohuo, akarudi madarakani 1985. Mwaka 1987, kwenye Ziwa Meech, mawaziri wakuu wote wa majimbo walikubali Quebec itajwe katika katiba kuwa jamii ya pekee. Trudeau, aliyekwishastaafu, alichapisha makala ya kuupinga mkataba huo, kwa lugha zote mbili, kwa ukali ambao mapadre wake wangeupa alama za juu. Makala hayo yalichangia kugeuza maoni ya watu nje ya Quebec, na Juni 1990 mkataba ukafa. Miaka mitano baadaye, kwenye kura ya kujitenga, Quebec ilibaki Kanada kwa tofauti iliyo chini ya kura 55,000. Upande wa kujitenga uliongozwa na Jacques Parizeau, mwanafunzi wa zamani wa Collège Stanislas, shule nyingine binafsi ya Kifaransa palepale Outremont.

Sikubaliani na wanaosema Brébeuf ilizaa watu wa fikra moja. Haikuweza hata kuwapatanisha wawili.

Baada ya mapadre

Tangu miaka ya 1960 miito ya upadre ilipungua haraka. Katika miaka ya 1980 uendeshaji wa shule ulipita mikononi mwa bodi ya walei. Wasichana walianza kupokelewa madarasa ya juu, na sekondari ya chini ikabaki ya wavulana kwa miaka mingi zaidi. Mtaala wa Baccalauréat ya kimataifa ukachukua mahali palipokuwa pa Rhétorique katika hadhi. Sheria ya lugha ya mwaka 1977, iliyowataka watoto wa wahamiaji wasome kwa Kifaransa, ilibadilisha pia sura za madarasani. Ngome ya Wakanada Wafaransa sasa ina watoto ambao babu zao hawakuwahi kusikia habari za 1759.

Justin Trudeau alihamia Brébeuf baada ya baba yake kustaafu mwaka 1984. Rafiki yake wa huko, Marc Miller, alikuja kuwa waziri katika serikali ya Justin, alipokuwa Waziri Mkuu wa Kanada. Juni 2017 Miller alisimama bungeni Ottawa akahutubia kwa lugha ya Wamohawk, mojawapo ya mataifa ya Wairokwa, lugha aliyojifunza kwa hiari yake. Sijui kama alimkumbuka padre ambaye shule yake ilibeba jina lake, aliyejifunza lugha ya Wahuroni na kuuawa na Wairokwa.

Leo mabishano ni ya fedha. Takriban mwanafunzi mmoja kati ya watano wa sekondari huko Quebec anasoma shule binafsi, nyingi zikiwa na ruzuku, na mwaka 2016 Baraza Kuu la Elimu la jimbo lilionya kwamba mfumo wao ndio wenye pengo kubwa zaidi nchini Kanada kati ya shule za watoto wa wenye nacho na wasio nacho. Wazazi wa kundi la École ensemble wanataka ruzuku iondolewe au shule zilazimike kupokea watoto wote wa mtaani kwao. Watetezi hujibu kwamba bila ruzuku ada itapanda, na hapo ndipo mtoto wa karani atakapofungiwa nje kabisa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini Brébeuf huchagua wanafunzi kwa mtihani, na mtihani wa mtoto wa miaka 11 hupima pia maktaba ya nyumbani kwao. Shule inayotimiza miaka 100 mwaka 2028 kwa kodi ya watu wote inadaiwa nafasi nyingi zaidi na akina Bourassa kuliko inazotoa sasa.